Mgeni wa Usiku Mmoja

Meli kubwa za watalii zitiapo nanga katika bandari zetu, iwe Unguja au Mombasa, desturi yake huwa moja. Hufika alfajiri, huteremsha watu wake baada ya kifungua kinywa, na jua likianza kushuka huwa zimekwisha kuwakusanya wote tayari kwa safari. Kwa saa chache hizo watu hao hupita katika vichochoro vyetu wakimfuata kiongozi wao, hutazama milango ya nakshi, hununua kanga na karafuu, hupiga picha, kisha hurejea baharini. Nasi tulioketi barazani huwatazama wakipita, na hakosekani mmoja wetu wa kuuliza: "Mtu ataona nini kwa siku moja?"

Swali hilo nimelisema mimi mwenyewe mara nyingi, nikidhani kuwa halihitaji jibu. Lakini mtu anayeipenda historia ya pwani hana budi kulisema kwa hadhari. Maelezo ya kale kabisa tuliyo nayo ya mji wa Mombasa kutoka kwa mtu aliyeukanyaga kwa miguu yake mwenyewe ni ya msafiri aliyelala hapo usiku mmoja tu. Kabla yake, mnamo 1154, al-Idrisi alikuwa amekwisha kulitaja jina la Mombasa katika kitabu chake cha jiografia. Lakini al-Idrisi alikuwa Sisilia, katika baraza ya Mfalme Roger wa Pili, akiandika yale aliyosimuliwa na wengine. Mtu wa kwanza kutuandikia yale aliyoyaona kwa macho yake ni Ibn Battuta, naye hakukaa hata siku mbili.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, katika nchi ya Maghribi, mwaka 1304. Alitoka kwao mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akielekea Makka kuhiji, na safari iliyokusudiwa kuwa ya Hija ikageuka kuwa safari ya maisha. Mwaka 1331, kwa hesabu ya wataalamu wengi, alipanda chombo Aden akaja upande wetu. Sisi watu wa bahari hatuhitaji kuelezwa kilichomleta: ni kaskazi. Upepo huo ndio ulioshusha vyombo vya Arabuni na Ghuba kila mwaka tangu enzi ambazo hazina mwandishi, na kusi ndio uliovirudisha. Msafiri wa zama zile hakuamua mwenyewe atakaa wapi siku ngapi. Upepo na biashara ya nahodha ndivyo vilivyoamua, kama vile leo ratiba ya meli inavyomwamulia mtalii.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Zeila, katika pwani ya Wasomali. Aliukuta mji mkubwa wenye soko kubwa, lakini pia wenye uvundo wa samaki na wa damu ya ngamia waliochinjwa njiani. Uvundo huo ulimshinda. Yeye na wenzake waliona heri kulala chomboni, ijapokuwa bahari ilikuwa imechafuka, kuliko kulala mjini. Kesho yake wakaondoka. Tangu siku ile hadi leo, kila msomaji wa kitabu chake huijua Zeila kwa jambo hilo moja: mji unaonuka. Zeila ilikuwa na wanavyuoni wake, na wafanyabiashara wake, na bila shaka ilikuwa na nyumba ambazo mgeni angepokewa kwa udi na kahawa ya heshima ya zama zile, kama ilikuwapo, au kwa maziwa. Hayo hatuyapati kwake, kwa kuwa hakulala huko.

Baada ya mwendo wa siku 15 alifika Mogadishu, na huko mambo yakawa kinyume. Kabla abiria hawajateremka, vijana wa mji walikuja na mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara sahani hiyo, kisha hutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Na mfanyabiashara huyo haendi tena penginepo ila kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye humuuzia bidhaa zake na kumnunulia. Ibn Battuta, kwa kuwa si mfanyabiashara bali mtu wa elimu, alipelekwa kwa kadhi. Alilishwa wali wa samli na vitoweo, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya malimau na pilipili. Siku ya nne, Ijumaa, alivishwa nguo za heshima akapelekwa msikitini, akaonana na sultani. Anatupa majina, vyeo, mavazi na mpango wa msafara wa sultani. Huo ndio mji uliojua kumpokea mwandishi.

Kutoka Mogadishu akashika njia ya Kilwa, na njiani chombo kikatia nanga Mombasa.

Aliyoyaeleza juu ya Mombasa hayazidi aya moja ndefu. Anasema ni kisiwa kikubwa. Miti yake ni migomba, na milimau, na mingine ya jamii ya milimau, na kuna tunda liitwalo jamuni, lenye kokwa kama ya zeituni, isipokuwa hili ni tamu sana. Watu wake hawalimi nafaka. Huletewa kutoka nchi ya Sawahil. Chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Wao ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, watu wa dini, wenye haya na uadilifu, na misikiti yao ni ya miti, imejengwa kwa ustadi mkubwa.

Kisha anafika kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha maelezo yake yote. Kwenye mlango wa kila msikiti, asema, kuna kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili tu. Watu huteka maji kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja. Ardhi ya kuzunguka kisima na msikiti imesawazishwa. Anayetaka kuingia msikitini huosha miguu kwanza, na mlangoni huwekwa kipande cha mkeka mnene cha kujipangusia. Anayetawadha hukibana chombo kile kati ya mapaja yake akajimiminia maji mikononi. Na watu wote, asema, hutembea miguu mitupu. Halafu anaandika kuwa walilala usiku mmoja katika kisiwa kile, wakaendelea na safari.

Miaka iliyopita nilijaribu kukifasiri kifungu hiki kwa Kiswahili. Sikusoma ufasiri katika chuo chochote. Nilijifunza kwa kukosea, kamusi mkononi. Nilitarajia tabu, kwa kuwa Kiarabu cha wasafiri kina majina mengi ya vitu vilivyopotea. Nilipofika kwenye kile chombo cha mti chenye kijiti, nilisimama. Nikaandika "chombo chenye mpini", nikafuta. Nikaandika "kibuyu", nikafuta. Ndipo nilipokumbuka mtungi uliokaa ukumbini kwa bibi yangu, na juu ya kifuniko chake kitu kimelazwa, chenye kichwa kama bakuli na mpini mwembamba wa urefu wa mkono. Ni kata. Msafiri wa Tangier alihitaji maneno kumi kueleza kitu ambacho bibi yangu alikiita kwa silabi mbili.

Tangu hapo kazi iligeuka. Ule mkeka mnene wa mlangoni ni jamvi. Tunda tamu lenye kokwa kama ya zeituni ni zambarau. Na jina alilolitumia, jamuni, ni la Kihindi, la nchi ambayo yeye mwenyewe aliishi miaka mingi baada ya kupita kwetu. Basi zambarau la Mombasa limetufikia likiwa limevaa nguo za Delhi. Kila nilipoinua neno moja la Kiarabu, chini yake nilikuta neno la Kiswahili limekaa linangoja. Nikahisi kuwa sifasiri habari ya mgeni, bali ninakirudisha nyumbani kitu chetu kilichokaa ugenini kwa karibu miaka 700. Kilichapwa kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kifaransa huko Paris, kati ya 1853 na 1858, kisha kikaingia katika Kiingereza, na wengi wetu tulikikuta huko kwanza, katika lugha ya mtu wa mbali, tukajifunza kutoka kwake kwamba babu zetu waliosha miguu.

Lakini kwa nini aliona kisima na asione mengine? Jibu liko katika elimu yake. Ibn Battuta alikuwa fakihi, amelelewa katika madhehebu ya Imamu Malik, na fakihi akiingia mji mgeni jicho lake hukimbilia kwenye ibada: watu hawa wanafuata imamu gani, wanatawadha vipi, maji yao wanayapata wapi. Namna ile ya kubana chombo kati ya mapaja si jambo la kusimuliwa bandarini. Hilo huonwa na mtu aliyesimama kisimani zamu yake ikingojewa. Wako wataalamu wanaotilia shaka baadhi ya safari zake, kama ile anayodai kuifanya hadi Bulghar katika bonde la mto Volga. Kwa Mombasa sina shaka. Mtu aliyetunga habari kwa kubuni angetupa jumba la mfalme na hazina ya dhahabu. Huyu ametupa kata.

Na magofu ya pwani yanamshuhudia. Misikiti ya miti aliyoisifu haikubaki. Mti huliwa na mchwa na mvua. Lakini katika misikiti ya mawe iliyobaki, Gedi na Kilwa, visima na mabirika ya kutawadhia yapo hadi leo, na Kilwa yapo hata mawe ya kusugulia nyayo. Desturi aliyoiona usiku mmoja ilikuwa desturi ya pwani nzima.

Hata hivyo haifai tumpe mgeni zaidi ya haki yake. Usiku mmoja una mipaka yake, na ameivuka mara kadhaa. Anasema Mombasa iko mwendo wa siku mbili kutoka nchi ya Sawahil, na kwamba haina milki ya bara. Mtu wa Mombasa, ambaye akisimama Likoni humwona aliye ng'ambo akimpungia mkono, atacheka. Huenda Sawahil aliyoikusudia ni pwani ya kaskazini zaidi, alikotoka. Lakini kwa vyovyote, aliyeingia kwa bahari na kutoka kwa bahari hakupata nafasi ya kuona jinsi mkono wa maji ulivyo mwembamba. Minazi hakuitaja kabisa, ingawa baadaye kidogo, alipofika Dhofar, aliueleza mnazi kwa urefu kama ajabu ya dunia. Hata Kilwa, alikokutana na sultani Hasan bin Sulaiman na kuusifu ukarimu wake, aliandika kuwa majengo ya mji ni ya miti, hali wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua msikiti mkuu wa mawe, na jumba la Husuni Kubwa la mawe ya matumbawe, ambalo wanalinasibisha na sultani yuyo huyo.

Na kuna pengo kubwa kuliko yote hayo. Mogadishu ametaja majina ya watu. Kilwa amemtaja sultani. Mombasa hakumtaja hata mtu mmoja. Hatujui alilala kwa nani. Hatujui nani alimpa ndizi na samaki, wala walizungumza naye kwa lugha gani. Hatusikii sauti ya mwanamke wala ya mtoto. Tuna kisima, na maji, na jamvi, na mkono unaomimina. Mwenye mkono hana jina.

Lazima pia tukumbuke kuwa habari hizi hazikuandikwa Mombasa. Zilisemwa Fez, katika ufalme wa Sultani Abu Inan, na kumalizika kuandikwa Disemba 1355. Aliyeona alikuwa kijana wa miaka 27. Aliyesimulia alikuwa mtu wa miaka 51. Katikati ya watu hao wawili ilipita miaka 24, na ndani yake India alikokuwa kadhi, visiwa vya Maldivi, China, tauni kubwa ya 1348, na jangwa la Sahara hadi Mali. Aliyeshika kalamu alikuwa Ibn Juzayy, mzaliwa wa Granada, naye alikuwa mshairi. Nimekuwa nikimfikiria sana mshairi huyo ambaye hakuwahi kuiona bahari yetu. Aliketi mbele ya mzee mwenye dunia nzima kichwani, akasikia kuwa katika kisiwa fulani cha Wazanji watu huosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Angeweza kuona kuwa ni jambo dogo akaliacha. Aliliandika, hadi urefu wa kijiti.

Mimi nami nimekwisha kuvuka miaka hamsini, na najua sasa kumbukumbu hufanya nini. Kama leo ningeulizwa juu ya mji niliolala usiku mmoja nikiwa kijana wa umri ule, nisingekumbuka majengo yake. Ningekumbuka maji baridi, kama nilipewa. Baada ya miaka 24, Zeila ilibaki kichwani mwa Ibn Battuta kwa harufu yake, na Mombasa ilibaki kwa maji yake. Hayo ndiyo majibu ya swali la barazani. Mtu ataona nini kwa siku moja? Ataona kile kilichowekwa mlangoni.

Wageni wengine wa Mombasa waliona mengine. Tarehe 7 Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga nje ya kisiwa. Yeye mwenyewe hakuteremka. Aliwatuma watu wawili, wakatembezwa mjini, wakaonyeshwa mji na kupewa sampuli za viungo, wakarudi melini. Walikaa nchi kavu muda mfupi kama mgeni wetu, lakini waliyokuwa wakiyatafuta hayakuwa kisimani. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi zima la meli, na mji ukatekwa, ukaporwa, ukachomwa moto. Kutoka zama hizo tuna maelezo marefu zaidi ya Mombasa kuliko yale ya Ibn Battuta: idadi ya nyumba, upana wa njia, mali iliyopakiwa. Yameandikwa na watu waliokuwa wakihesabu. Ndiyo maana aya moja ya mwaka 1331 ina thamani kubwa kwangu. Ni maelezo ya mtu aliyeuingia mji kwa miguu iliyooshwa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeitumia methali hii maisha yangu yote nikidhani ponyo lake ni zawadi anayoileta mgeni, au kitoweo kinachopikwa kwa ajili yake. Sasa naiona kwa namna nyingine. Sisi wenyewe hatukuyaandika mambo ya visima vyetu, kwa kuwa nani huandika habari ya kisima anachokitumia mara tano kwa siku? Chuo cha Tambuka, kilichoandikwa Pate mwaka 1728, ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyotufikia, nacho ni karibu miaka 400 baada ya usiku ule. Pengo hilo lote mgeni mmoja ametuzibia tundu dogo, tukachungulia.

Lakini tundu la kuchungulia si dirisha, na si haki kumdai mgeni wa usiku mmoja kazi ya mwenyeji wa maisha. Hivi karibuni niliingia katika msikiti mmoja wa zamani katika mji wa pwani kusali adhuhuri. Kisima chake kimefunikwa kwa zege, na ukutani kumetiwa mabomba. Sina lawama, maji ya bomba ni rahisi kwa wazee. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akifagia kama kata ya msikiti imewekwa wapi. Akanitazama kwa adabu, akasema: "Kata gani, mzee? Hapa ni wadi ya mjini." Kwake kata ni mtaa wa uchaguzi. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akaniletea kopo la plastiki.

Niliosha miguu kwa kopo lile, nikaingia. Baada ya swala nilimwita yule kijana, nikamchorea kata kwenye kipande cha karatasi: kichwa chake, tundu zake mbili, mpini wake wa dhiraa moja. Pembeni niliandika jina la bibi yangu, kwa kuwa ndiye niliyemwona akiitumia, na usiku ule wa 1331 hakuna aliyeandika jina la mtu.